Choo Kinachoyumba Kisipuuzwe

Choo cha kukalia kinapoanza kuyumba, wengi hupaka saruji pembeni wakasahau. Hilo ni kosa. Kila kinapotikisika, kiungo cha bomba chini yake hulegea. Maji machafu yakapenya sakafuni, atambaapo mtoto.

Kwanza kaza parafujo za pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kwani kaure ikibanwa kwa nguvu hupasuka. Zilizoliwa na kutu zibadilishwe. Maji yakizidi kutoka chini, funga koki, ondoa maji yaliyobaki, nyanyua bakuli, ubadilishe mpira wa kiungo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ila hapa ufa wenyewe u chini ya bakuli, wala saruji ya pembeni haiufikii.