Ukosefu wa Pamoja katika Kupima Ufanano wa Sampuli

Sampuli mbili za mimea zinapolinganishwa, ugumu hauko katika spishi zilizopo bali katika zile zisizoonekana katika sampuli yoyote kati ya hizo. Tuchukulie sampuli ya kwanza ina spishi 12, ya pili 10, na spishi 8 zimo katika zote mbili. Kipimo cha Paul Jaccard, aliyechunguza mimea ya milima ya Alpi mwanzoni mwa karne ya 20, hugawanya 8 kwa spishi zote 14 zilizoonekana, na kutoa 0.57. Kile cha Thorvald Sørensen (1948) huzipa spishi za pamoja uzito maradufu. Data zilezile hutoa 0.73. Kwa hiyo kuandika “ufanano ni 0.73” bila kutaja kipimo hakumfai msomaji. Hata hivyo, vipimo hivi viwili hupanga jozi za sampuli kwa mfuatano uleule.

Hatari kubwa iko kwingine. Iwapo orodha ya eneo zima ina spishi 100, na zile 86 zilizokosekana kote zikahesabiwa kuwa ufanano, thamani hupanda hadi 0.94. Ilhali spishi yaweza kukosekana huku kwa ukame na kule kwa mafuriko. Kipimo cha Bray na Curtis (1957), kilichotumika katika misitu ya Wisconsin, hutumia wingi wa kila spishi, nacho pia huziacha sufuri hizo nje ya hesabu.