Bweha Masikio: Umdhaniaye Ndiye Siye

Mtake mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi akutajie wanyama wa mwituni, naye atakuorodheshea simba, ndovu, twiga na kifaru pasi na kusita. Mwongeze swali kuhusu bweha masikio, na huenda akakukodolea macho tu, hata kama shule yake iko Narok, Kajiado au Laikipia, ambako mnyama huyu anaishi. La ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo anaweza kukueleza barabara habari za mbweha wa vitabu vya hadithi za Ulaya: ni mwekundu, ana mkia wa manyoya tele, na ujanja wake haumithiliki. Tumemfunza mtoto kumjua mgeni wa mbali kabla hajamjua jirani anayepita nyuma ya boma lao usiku.

Wapo watakaodai kwamba hili ni jambo dogo, maadamu mnyama mwenyewe ni mdogo. Uzito wake ni kati ya kilo 3 na 5 tu, na ni watalii wachache wanaofunga safari kwa ajili yake. Hata hivyo, udogo wa mnyama haupunguzi uzito wa kosa. Jina lisilofafanuliwa darasani humponza mwenye jina, na mara nyingine humponza hata mtoto anayelitamka.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Katika Kiswahili, bweha, ambaye wengine humwita mbweha, ni mnyama wa jamii ya mbwa anayesifika kwa werevu na wizi. Mashuhuri zaidi katika nchi yetu ni yule mwenye mgongo mweusi, ambaye wafugaji wanamfahamu kwa kunyakua wana-kondoo na wana-mbuzi. Wafasiri nao, walipokutana na mnyama mjanja wa hekaya za Esopo, walimvika jina hilo hilo. Pengine walimbadilisha kabisa: ile hekaya ya mnyama aliyeshindwa kuzifikia zabibu kisha akazitia ila kuwa ni mbichi, Waswahili wengi wanaijua kuwa ni kisa cha sungura. Neno moja, basi, limebebeshwa mizigo ya wanyama kadhaa, na mtoto anayelisikia hana njia ya kujua ni mzigo upi alioshushiwa.

Bweha masikio si yeyote kati ya hao. Wataalamu wa wanyama wamemweka katika jenasi yake mwenyewe, Otocyon, ambayo haina spishi nyingine iliyo hai. Jina hilo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya sikio na mbwa. Kwa hiyo sayansi na Kiswahili zimekutana mahali pamoja, kwenye masikio, ilhali Waingereza walikwenda kumwazimia masikio ya popo. Jina letu ni zuri na lina hekima ndani yake. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha mwanafunzi hekima hiyo.

Kwa nini masikio? Masikio hayo hufikia urefu wa sentimita 13 hivi, na hayakuwekwa kuwa pambo. Chakula kikuu cha mnyama huyu ni mchwa, hasa wale wanaokata nyasi na kuishi chini ya ardhi bila ya kujenga kichuguu, pamoja na mbawakawa wanaozaliana katika kinyesi cha ng'ombe na wanyama wengine wala nyasi. Usiku hutembea polepole, kichwa kimeinama, masikio yameelekezwa ardhini, akisikiliza mwendo wa wadudu ambao macho hayawezi kuwaona. Akiwasikia, huwafukua. Kinywa chake nacho kina meno madogo kati ya 46 na 50, ilhali mbwa wa nyumbani ana meno 42. Ni meno ya kutafuna wadudu upesi upesi, wala si ya kurarua nyama ya mbuzi.

Kuna sifa nyingine ambayo watoto wataipenda. Mama anapotoka kutafuta chakula ili apate maziwa ya kutosha, ni baba anayebaki pangoni kuwalinda watoto, kuwasafisha na kucheza nao. Watafiti wamebaini kwamba kadiri baba anavyokaa pangoni, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyosalimika. Mwalimu anayetafuta mada ya insha au mjadala hana haja ya kwenda mbali.

Sasa tuyapime madhara ya kutojua. Kusini mwa Afrika, ambako kuna kundi la pili la wanyama hawa, wakulima wamewahi kuwaua kwa kudhani kwamba ndio wanaomaliza wana-kondoo wao. Umdhaniaye ndiye kumbe siye. Mchungaji mdogo aliyefunzwa kwamba kila bweha ni mwizi ataachilia mbwa wake bila ya kuuliza swali la pili, na atakayekufa ni yule anayewala mchwa wanaoshindania nyasi na ng'ombe wa baba yake.

Aidha, hao mbwa wanaoachiliwa wana habari yao. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa kichaa cha mbwa uliwaua bweha masikio wengi katika mbuga ya Serengeti, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba chimbuko kuu la virusi katika eneo hilo ni mbwa wanaofugwa vijijini. Ugonjwa huo haumbagui mnyama wala binadamu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban asilimia 40 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake.

Kwa hivyo, somo la bweha masikio lisikome kwenye masikio. Mtoto aambiwe kwamba mnyama wa mwituni anayemkaribia bila ya woga si rafiki, na asiguswe hata akionekana mpole. Aambiwe kwamba akiumwa na mnyama yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo apate chanjo. Tena awakumbushe wazazi kwamba mbwa aliyechanjwa huwakinga watu wa nyumbani na wanyama wa porini pia.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule zetu mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Fursa ndiyo hii. Mwalimu awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize mnyama huyu anaitwaje katika lugha ya nyumbani na jina hilo lina maana gani. Majina hayo yaandikwe ubaoni na kulinganishwa na la Kiswahili. Kisha wanafunzi wachore wanyama wawili, bweha mwenye mgongo mweusi na bweha masikio, na chini ya kila mmoja waandike anachokula. Somo hilo halihitaji maabara wala basi la kwenda mbugani. Linahitaji chaki, daftari, na mwalimu aliyejiandaa.

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Darasani methali hiyo haina nafasi, kwa kuwa asiyejua maana ndiye hasa tuliyeajiriwa kumwambia. Tumfunze mtoto kuuliza, kila asikiapo jina la bweha, ni bweha yupi anayesemwa. Swali hilo moja laweza kumwokoa mnyama asiye na hatia, na siku mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima, litamfaa pia atakaposikia watu wakihukumiwa kwa jina la kabila au la mtaa wao kabla ya kutazamwa matendo yao.