Ekrani nyeusi: mbele ya kutupa karte ya grafiki, pima moto kwanza

Kompyuta ya zamani inawaka, feni inazunguka, lakini ekrani inabaki nyeusi. Ao inaandika barua bila shida, kisha mtu akifungua mchezo ao video, inajizima. Jibu la haraka ni lile lile: « Karte ya grafiki imekufa. » Kwa mwenye sekretariati ambaye anaishi na mashini moja, hilo neno ni hasara: siku bila kazi, na pesa za kutafuta karte ambayo haitengenezwi tena. Lakini mara nyingi karte haijafa. Iko na njaa ya umeme.

Karte inapata umeme wapi?

Karte nyingi za miaka 1997 hadi 2005 ziliingia kwenye tundu la AGP la karte mama. Hilo tundu linatoa kama wati 40 hivi tu. Karte zenye nguvu zilihitaji zaidi, ndiyo maana ziliongezewa prizi pembeni. Radeon 9700 Pro ya mwaka 2002 iko na prizi ndogo ya pini 4, sawa ile ya kisomeo cha diskete. GeForce 6800 Ultra ya mwaka 2004 inaomba prizi mbili kubwa. Fundi akisafisha vumbi na kusahau kurudisha ule waya, karte haitafanya kazi vizuri hata kama ni nzima.

Angalia kwa utaratibu

Kwanza, zima mashini na uchomoe waya wa ukutani. Hakikisha karte imeingia sawasawa, na prizi yake imefungwa. Usilazimishe prizi: ikiingia kinyume, volti 12 zitapita mahali pa volti 5 na karte itaungua kweli.

Pili, angalia kondansateri, zile ndogo za mviringo kwenye karte na karte mama. Kichwa kikivimba ao kikitoa maji ya rangi ya kahawia, inapaswa kubadilishwa. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti sawa ao zaidi. Mstari unaonyesha upande wa hasi, usiugeuze.

Tatu, pima. Weka multimetri kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Mashini ikiwa inafanya kazi, gusisha ncha nyeusi kwa waya mweusi wa prizi isiyotumika, na ncha nyekundu kwa waya wa njano. Inapaswa kuonyesha kati ya volti 11,4 na 12,6. Waya mwekundu: kati ya 4,75 na 5,25. Pima tena wakati video ama mchezo unaendelea. Namba ikishuka chini ya hapo, shida iko kwenye alimantasio, si kwenye karte.

Mtu anaweza kununua alimantasio mpya ya wati nyingi na shida ikabaki. Sababu ni kwamba zile za kisasa zimeweka nguvu yake karibu yote kwenye volti 12, wakati mashini nyingi za zamani zinakula sana kwenye volti 5 na 3,3. Soma etiketi: tazama ampere za kila mstari, si wati za jumla peke yake.

Ile swichi nyekundu ya nyuma

Alimantasio nyingi za zamani ziko na swichi ya 115 na 230. Kwetu ni 230 siku zote. Kuna wanaojaribu kuisogeza kwenye 115 wakati moto wa mtaa uko chini. Usifanye hivyo: moto ukirudi kwa nguvu, alimantasio inalipuka na inaweza kuharibu karte pamoja na diski yenye kazi za wateja. Kama moto unapanda na kushuka, ao unatumia jenereta, tumia stabilizateri.

Tena, usifungue sanduku la alimantasio kama haujafundishwa. Ndani yake kondansateri zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Ukienda kwa fundi, mpelekee namba ulizopima, zimeandikwa kwenye karatasi. Akikuambia ununue karte nyingine, muombe akuonyeshe kwanza volti zake.