Who Killed Captain Alex? (nakala ya DVD)

Who Killed Captain Alex? ni filamu ya mapigano ya Uganda iliyotoka mwaka 2010. Iliandikwa na kuongozwa na Isaac Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G., katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Inahusu vita kati ya wanajeshi na genge la Tiger Mafia. Kapteni Alex anapouawa, ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kulipiza kisasi. Muuaji hajulikani hadi filamu inaisha.

Filamu asilia haipo tena. Nabwana alihariri kwa kompyuta alizoziunda mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, hivyo aliifuta ili kutengeneza filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie. Nchini Uganda, VJ ni msimulizi wa vibanda vya video: hutafsiri, hutania na kushangilia juu ya sauti za waigizaji. Watanzania waliotazama kanda za Lufufu wanaifahamu kazi hiyo. Emmie anachekesha kweli, lakini maneno ya waigizaji aliyoyafunika hayawezi kurudishwa.

Kwa mtazamaji makini, DVD hiyo ni ushahidi wa namna filamu ilivyotengenezwa. Helikopta na milipuko ni picha za kompyuta zilizobandikwa juu ya majengo ya Kampala. Waigizaji walikuwa wakazi wa kawaida wasio na mshahara; walipata chochote kwa kuuza DVD nyumba kwa nyumba, wakiharakisha kabla nakala za wizi hazijaenea.

Mfano wa Marekani unaotajwa sana ni Superman II. Richard Donner aliondolewa kabla ya kuimaliza, na Richard Lester akapiga upya sehemu kubwa. Picha za Donner zilibaki ghalani hadi toleo lake lilipotoka kwa DVD mwaka 2006. Onyesho moja halikuwahi kupigwa rasmi, hivyo wahariri walitumia picha za majaribio ya waigizaji. Ndiyo maana nywele na mwili wa Christopher Reeve hubadilika ghafla. Wakaliga hapakuwa na ghala la namna hiyo.

Mwaka 2015 filamu iliwekwa kwenye YouTube, na watazamaji wa nje ya Uganda wakaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie tu.