MAWE NAYO YANA JAMAA ZAO



Wakati wa vakansi kubwa, yaya wangu alirudi nyumbani na kichupa cha mawe madogo ya manjano, yenye kung'aa sana. Aliyanunua kwa mtu aliyesema ametoka upande wa Manguredjipa. Alitoa feza yote tuliyoweka kwa ajili ya minervali yangu. "Hii njo zahabu," alisema, nasi tukafurahi. Kesho yake mnunuzi mmoja wa mjini aliweka jiwe moja juu ya chuma, akalipiga nyundo mara moja tu. Likawa unga. "Mtoto wangu, hii ni piriti."

Tangu siku ile nilijiuliza: mawe mawili ya rangi moja yanaachana wapi? Jibu nimelipata katika kemia.

Zamani watu walipanga mawe kwa kuangalia sura yake. Hata James Dwight Dana wa Marekani, katika kitabu chake cha 1837, aliyapanga karibu kama watu wanavyopanga mimea. Lakini Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine: kuuliza jiwe limefanywa na nini. Katika chapa ya 1854 Dana naye akafuata kemia. Njia hiyo ndiyo msingi wa mipango ya leo.

Sheria yake ni hii: usiangalie kwanza chuma kilichomo, angalia mwenzake aliyefungana nacho. Mwenzake ndiye anayetoa jina la jamaa. Hizi ndizo jamaa kubwa:

1. Zinazokaa peke yake: dhahabu, na almasi ambayo ni kaboni tupu.

2. Sulfidi, chuma na salfa: piriti ni chuma cha kawaida na salfa. Shaba ya Kilembe, ng'ambo ya Ruwenzori, iliyochimbwa tangu 1956 mpaka 1982, ilitoka katika jamaa hii.

3. Oksidi, chuma na oksijeni: kasiteriti ya Walikale (bati) na koltani ya Masisi (tantali na niobi).

4. Halidi: chumvi. Wazee wetu walifuata chumvi ya Katwe, kule Uganda, wakaanza biashara. Lakini ile ya Katwe imechanganyika na jamaa zingine.

5. Kaboneti: mawe ya chokaa, na malakiti ya kijani ya Katanga. Malakiti ina shaba kama jiwe la Kilembe, lakini jamaa ni mbalimbali!

6. Sulfati: jipsi, ile inayotoa plasta ya kufunga mtu aliyevunjika mfupa.

7. Fosfati: apatiti. Meno yetu yamefanywa na kitu cha namna hiyo.

8. Silikati, silikoni na oksijeni: jamaa kubwa kupita zote. Udongo wa matofali yetu umo humo.

Sasa, faida yake ni nini? Dhahabu ni laini: ukiipiga inatandaa, haivunjiki. Ni nzito mara 19 kuliko maji. Piriti mara 5 tu. Ukiikwaruza juu ya mgongo wa karo, upande usiong'aa, dhahabu inaacha alama ya manjano, piriti alama nyeusi yenye ukijani. Na piriti ikichomwa inanuka salfa. Lakini msijaribu hiyo ndani ya nyumba, moshi wake ni mbaya.

Kama yaya angejua hata jambo moja tu kati ya hayo, mama hangeuza maharagwe yote ya mbegu ili nirudi masomoni.

Nabii Samweli alipomwona Eliabu alidanganywa na umbo lake. Sisi tusidanganywe na rangi. Kabla ya kutoa feza, uliza: ndani kuna nini?

Finalisti, mkubwa wa wanafunzi