Mwanao Amekonda, au Anakua Tu?

Huku kwetu Mtendeli mtoto mchanga hupimwa sana. Mama humpeleka kliniki, na uzito huandikwa kwenye kadi. Hata katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa tena hapa mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021, wadogo walipimwa mkono kwa utepe wenye rangi nyekundu, manjano na kijani. Lakini mtoto akiisha kutimiza miaka 5, kadi huwekwa sandukuni. Tangu hapo kipimo chake ni jicho la jirani: “Mbona huyu amekonda hivi?”

Iko hesabu iliyo bora kuliko jicho. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme binti wa miaka 13 ana kilo 40 na urefu wa mita 1.50. Zidisha 1.50 kwa 1.50, ni 2.25; gawa 40 kwa 2.25, wapata 17.8.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi, na baba aliyesikia hivyo aweza kuogopa bure. Binti huyu hana neno. Jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, lililowekwa kwa wenye miaka 5 hadi 19, humhesabu msichana wa miaka 13 kuwa amekonda akishuka chini ya 14.9. Kinyume chake, 22 ni namba njema kwa baba, lakini kwa mwanawe wa miaka 10 ni unene uliozidi, hata kama bibi amsifu kuwa amenawiri.

Sababu ni kwamba mwili wa mtoto hautulii. Yule aliyenona kifuani kwa mama hupungua unene mpaka kufika miaka 5 au 6, kisha hujaza tena polepole. Wasichana na wavulana nao wana majedwali yao mbalimbali.

Tena hesabu hii ina upofu wake. Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 23 na urefu wa mita 1.20 hupata 16, namba salama kabisa. Walakini kimo chake hakijafikia wastani wa mtoto wa miaka 7! Amedumaa, na hesabu haikusema lolote. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliona kwamba Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hao ndio wanaokuja kukaa madawatini. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini bila maharage, dagaa au yai mwili hauna cha kujengea. Basi mwombe mganga atazame na kimo peke yake.

Mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta. Na umri utajwe kwa miaka na miezi, maana jedwali limepangwa hivyo. “Alizaliwa mwaka wa mvua nyingi” haitoshi. Kadi ikiwa imepotea, njoo ofisini parokiani: tarehe ya kuzaliwa imo katika kitabu cha ubatizo.