Programu Inafanya Kazi Mpanda, Ikifika Mamba Inagoma: Sababu Ni Hii

Tuseme umeandaa programu huria kwenye kompyuta yako mjini Mpanda, na inafanya kazi safi kabisa. Unaiweka kwenye flashi, unasafiri hadi Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe, unaisakinisha kwenye kompyuta ya shule. Ukiifungua tu, inakwambia kuna faili halijapatikana. Mtandao unasuasua, na kurudi mjini ni nauli nyingine.

Mara nyingi kompyuta ya shule haina kosa. Kilichokosekana ni vitegemezi.

Vitegemezi ni nini?

Ni programu na maktaba za kodi ambazo programu yako inazitegemea. Viko vya aina mbili.

Chukua mfano wa mashine ya kusaga. Fundi anayeiunda anahitaji mashine ya kuchomelea, lakini akimaliza anaondoka nayo. Mkanda na dizeli ni habari nyingine: bila hivyo hakuna unga, leo wala kesho.

Programu nayo iko hivyo hivyo. Kuna vitegemezi vya kuundia, kama kompaila, ambavyo hubaki kwa fundi. Na kuna vya kuendeshea, ambavyo lazima viwepo pale programu inapofanya kazi.

Mfano halisi ni DHIS2, mfumo huria unaotumika Tanzania kukusanya takwimu za afya. Seva yake inahitaji Java, Tomcat, na hifadhidata ya PostgreSQL yenye nyongeza ya PostGIS. Kimoja kikikosekana, mfumo hauwaki. Hata toleo lina maana: DHIS2 mpya inaweza kuikataa Java ya zamani.

Kwa nini fundi haoni tatizo mapema?

Kwa sababu kompyuta yake tayari ina kila kitu. Alivisakinisha zamani, akasahau.

Debian na Ubuntu hutenganisha orodha mbili: Build-Depends ya kuundia na Depends ya kuendeshea. Kuna hata zana, dpkg-shlibdeps, inayokagua programu na kuorodhesha maktaba ilizounganishwa nazo.

Ila zana hiyo haioni kila kitu. Kama programu yako huita programu nyingine katikati ya kazi, mfano ya kubadilisha picha, au inahitaji fonti fulani, hilo halitaonekana. Lazima uliandike mwenyewe.

Si bora kufungasha kila kitu pamoja?

Inasaidia sana penye mtandao hafifu, ila ina gharama. Desemba 2021 lilitangazwa hadharani tundu kubwa la usalama kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kutunza kumbukumbu za matukio. Programu nyingi zilikuwa zimeibeba ndani yake, hivyo kila mwenye programu alipaswa kutoa toleo jipya. Ukibeba kitegemezi, na kukisasisha ni kazi yako.

Fanya haya kabla ya kusafiri

1. Tafuta kompyuta safi, au kompyuta pepe, yenye mfumo uleule na toleo lilelile kama ya huko unakokwenda.

2. Pakua vitegemezi vyote ukiwa bado na bando. Kwa Python, amri ya pip download hushusha programu pamoja na vitegemezi vyake. Hakikisha toleo la Python linalingana.

3. Zima mtandao kabisa, kisha sakinisha kutoka kwenye flashi.

4. Usiishie kuifungua. Chapisha ripoti, hifadhi picha, bonyeza kila kitufe. Vitegemezi vingine huitwa pale tu kazi fulani inapofanyika.

5. Kila kilichokosekana kiandike kwenye orodha ya programu, ili anayekuja baada yako asikitafute upya.

Ikipita hapo mtandao ukiwa umezimwa, funga safari. Isipopita, bora uhangaike nayo ukiwa bado Mpanda.